Mche Unajuaje Mwanga Uko Wapi? Ugomvi wa Darwin na Sachs

Chukua punje tano za mahindi. Ziloweke usiku mmoja, zipande kwenye kopo lenye udongo, kisha lifungie kopo kabatini gizani. Baada ya siku nne au tano hivi utakuta vijiti vyeupe vimesimama wima kama sindano. Sasa lihamishie kopo kwenye boksi lililofungwa vizuri, lenye tundu moja tu ubavuni, tundu lielekee dirishani. Liache mchana kutwa. Ukifungua jioni, vijiti vyote vitakuwa vimeinama kuelekea kwenye tundu.

Najua, hili ulishalisoma sekondari. Shina hufuata mwanga, mzizi hufuata uvutano wa dunia, na kinachofanya kazi hiyo ni homoni iitwayo auksini. Ukaandika, ukapata maksi mbili, ukaendelea na swali linalofuata.

Mimi pia nililikariri hivyohivyo. Nilikuja kulitazama upya nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, pale mashine niliyoitegemea kwa utafiti wangu ilipoharibika na hakuna aliyejua itatengenezwa lini. Wiki nzima nilinung'unika. Kisha, ili nisikae bure, nikaanza kusoma jinsi jambo hili lilivyogunduliwa. Kumbe zile maksi mbili zimewagharimu watu zaidi ya miaka 100, na katikati ya miaka hiyo kuna ugomvi mkali: upande mmoja mzee aliyefanya majaribio nyumbani kwake, upande wa pili profesa aliyekuwa na moja ya maabara bora kabisa za mimea duniani. Nakusimulia ugomvi huo kwa sababu swali lililojificha chini yake bado tunalo sisi wanafunzi: nani aaminiwe, mwenye vifaa au mwenye ushahidi?

Gurudumu kijitoni

Tuanze na mizizi. Kila mkulima anajua kwamba hahitaji kuipanga punje ardhini. Ianguke kichwa juu au kichwa chini, mzizi utashuka na chipukizi litapanda. Lakini kwa nini? Labda mzizi unafuata unyevu ulioko chini. Labda chipukizi linafuata hewa na mwanga. Na kama ni uvutano wa dunia, utathibitishaje? Huwezi kuuzima uvutano kama unavyozima taa.

Mwaka 1806 Mwingereza mmoja, Thomas Andrew Knight, mwenye mashamba huko Herefordshire, alipata njia. Aliona kwamba kama hawezi kuuzima uvutano, basi anaweza kuuchanganya. Alitumia maji ya kijito kuzungusha gurudumu dogo, akafunga juu yake mbegu za maharage, kila mbegu ikielekea upande wake. Gurudumu likiwa limesimama wima, lilizunguka zaidi ya mara 150 kwa dakika, mchana na usiku. Kwa mbegu iliyo juu ya gurudumu la namna hiyo, "chini" inabadilika kila nukta, kwa hiyo uvutano hauna upande. Kinachobaki ni ule msukumo wa kwenda nje. Unaujua: ndio unaokubana ukutani daladala ikikata kona kwa kasi.

Mizizi yote ilikua kuelekea nje ya gurudumu. Machipukizi yote yakaelekea ndani, kwenye kitovu.

Kisha akalilaza gurudumu, ili uvutano na msukumo vifanye kazi pamoja. Lilipozunguka mara 250 kwa dakika, mizizi ilikwenda nje huku ikishuka kidogo tu, kiasi cha nyuzi 10. Alipopunguza kasi hadi mara 80, ikashuka kwa karibu nyuzi 45. Yaani mzizi ulifuata jumla ya nguvu mbili, kama vile umepiga hesabu. Hapo hoja ya unyevu na hewa ilikosa pa kusimama. Mmea unahisi nguvu.

Lakini unaihisi kwa kiungo gani? Hauna sikio wala jicho. Mwaka 1872 mtafiti wa Kipolandi, Theophil Ciesielski, alieleza jambo la ajabu: ukikata ncha ya mzizi kisha ukaulaza mzizi, unaendelea kurefuka lakini haupindi kwenda chini. Ncha mpya ikishaota, mzizi unaanza tena kujua chini ni wapi. Watu wachache sana walimsikiliza. Mmojawapo alikuwa Charles Darwin.

Mzee na mwanawe

Darwin huyu ni yuleyule wa mageuzi ya viumbe. Mwishoni mwa miaka ya 1870 alikuwa na miaka inayokaribia 70, afya yake haikuwa nzuri, akiishi nyumbani kwake Down House, kijijini Downe katika jimbo la Kent. Hakuwa na cheo cha chuo kikuu. Alikuwa na vyungu vya maua, banda la vioo la kuoteshea mimea, karatasi, gundi, na mwanawe Francis aliyekuwa msaidizi wake.

Walifanya kazi na miche michanga ya nyasi, hasa nyasi za kanari na oti. Kwenye jamii ya nyasi, ambamo mahindi, mtama na mpunga wetu wamo pia, jani la kwanza hutoka ardhini likiwa limevikwa ganda laini lililochongoka. Ganda hilo huitwa koleoptili. Ndicho kile kijiti cheupe kwenye kopo lako.

Swali lao lilikuwa jepesi: je, sehemu inayopinda ndiyo sehemu inayouona mwanga? Wakatengeneza vikofia. Vingine vilikuwa vya karatasi ya bati, vingine vya vioo vyembamba vilivyopakwa rangi nyeusi. Wakaivisha baadhi ya miche kwenye ncha tu, shina lote likabaki wazi mbele ya mwanga. Mingi ya miche hiyo ilisimama wima, haikuinama. Lakini subiri, labda ni uzito wa kofia, au kofia imeujeruhi mche? Wakaivisha mingine vikofia vya kioo kisichopakwa rangi, vinavyopitisha mwanga. Hiyo iliinama kama kawaida. Kisha wakageuza jaribio: wakafukia sehemu ya chini ya miche kwenye mchanga mweusi laini, ncha tu ikabaki nje. Miche ikapinda hata kule chini ya mchanga, kusikofika mwanga.

Maana yake ni nini? Ncha ndiyo inayouona mwanga, lakini panapopinda ni chini ya ncha. Kwa hiyo kuna kitu kinachosafiri kutoka juu kwenda chini kupeleka taarifa. Wala hawakujua kitu hicho ni nini. Walichapisha yote haya mwaka 1880 kwenye kitabu kuhusu uwezo wa mimea kujongea, pamoja na majaribio ya mizizi yaliyoungana na yale ya Ciesielski. Mwishoni waliilinganisha ncha ya mzizi na ubongo wa mnyama wa daraja la chini.

Profesa anakasirika

Kule Würzburg, Ujerumani, alikuwepo Julius Sachs. Usimchukulie kama mtu mbaya wa hadithi. Sachs ndiye aliyeifanya fiziolojia ya mimea kuwa sayansi ya maabara. Alibuni vifaa, ikiwemo klinostati, chombo kinachozungusha mmea polepole ili uvutano usiwe na upande mmoja. Ni ndugu wa gurudumu la Knight. Vijana walitoka nchi nyingi kwenda kujifunza kwake. Francis Darwin mwenyewe alikwenda, mwaka 1878 na tena 1879.

Sachs hakukubali hata kidogo. Kwake yeye, seli zinazopinda ndizo zinazohisi. Hakuna ujumbe unaosafiri, na ncha haina mamlaka yoyote. Msaidizi wake alirudia jaribio la kukata ncha za mizizi, akapata majibu tofauti. Kisha Sachs akaandika katika mihadhara yake, iliyochapishwa mwaka 1882, kwamba majaribio ya akina Darwin yalifanywa bila ujuzi na kufasiriwa vibaya. Huko Vienna, Julius Wiesner alikuwa ameshatoa kitabu kizima mwaka 1881 kumpinga Darwin.

Ukitazama kwa haki, upande wa Sachs ulikuwa na hoja. Ukiukata mzizi umeuumiza. Mmea ulioumizwa ukifanya tofauti na ule mzima, utajuaje kama ni kwa sababu umepoteza "ubongo" au ni kwa sababu ya kidonda? Na Darwin naye hakuwa sahihi kila mahali. Kitabu chake kilitaka kuonyesha kwamba kila mjongeo wa mmea umetokana na mzunguko mdogo ambao ncha zote za mimea hufanya zinapokua. Dai hilo kubwa halikusimama.

Lakini angalia pia kile ambacho hoja ya kidonda haikugusa. Vikofia havikukata kitu. Mche uliovishwa kofia nyeusi ulikuwa mzima kama mwenzake wa kofia angavu, na tofauti pekee kati yao ilikuwa mwanga kwenye ncha. Jibu la swali hilo halikuhitaji chombo cha gharama. Lilihitaji mtu arudie jaribio kwa subira, na wenye uwezo mkubwa wa kulirudia walikuwa tayari wameshaamua kwamba aliyelifanya hakuwa na ujuzi.

Darwin alifariki Aprili 1882. Ugomvi alikuwa ameuacha mezani. Ilipofika mwaka 1894 ndipo Władysław Rothert alipochapisha majaribio marefu na makini zaidi. Aliona kwamba sehemu ya chini ya mche nayo huhisi mwanga kidogo, lakini kwenye jambo kuu akina Darwin walikuwa sahihi: ncha ndiyo yenye hisia kali, na ujumbe husafiri.

Kitu kinachopita kwenye jelatini

Sasa ujumbe wenyewe ni nini? Je, ni kama mshtuko wa neva, au ni kitu unachoweza kukishika?

Huko Copenhagen, kati ya 1910 na 1913, Peter Boysen Jensen alikata ncha za koleoptili za oti akazirudisha mahali pake, lakini katikati akaweka kipande cha jelatini. Mche ukainama kuelekea mwanga. Kumbe ujumbe unapita kwenye jelatini, ingawa hakuna seli hai zinazounganisha juu na chini. Alipochomeka kijipande cha maika, madini yasiyopitisha maji, kwenye upande wa kivulini, mche haukuinama. Alipokichomeka upande wa mwanga, uliinama. Kwa hiyo ujumbe unashukia upande wa kivulini.

Mhungaria Árpád Paál, katika kazi aliyochapisha mwaka 1919, alifika mbali zaidi: alikata ncha, akairudisha ikiwa imekaa upande mmoja tu wa kisiki, yote haya gizani. Mche ukapinda bila mwanga wowote, ukikimbia upande uliobeba ncha. Ncha inatoa kitu kinachorefusha seli. Upande unaopata zaidi unarefuka zaidi, na mche unalazimika kulalia upande wa pili. Mwanga haukuvuti mche kama kamba. Unabadilisha tu nani apate kiasi gani.

Aliyekikamata kitu chenyewe ni kijana wa Kiholanzi, Frits Went, huko Utrecht mwaka 1926, akiwa na miaka 22. Aliweka ncha zilizokatwa juu ya kipande cha aga kwa saa kadhaa, akazitupa ncha, akachukua kipande cha aga peke yake na kukiweka upande mmoja wa koleoptili iliyokatwa. Ikapinda. Uzuri ni kwamba kadiri kitu hicho kilivyokuwa kingi kwenye aga, ndivyo pembe ilivyokuwa kubwa, hadi kiwango fulani. Kwa mara ya kwanza ujumbe wa mmea uliweza kupimwa, na kipimo chenyewe kilikuwa kuinama kwa mche wa oti. Karibu wakati huohuo Nikolai Cholodny, mtafiti wa Kyiv, alifika kwenye maelezo kama hayo kwa njia yake. Kitu hicho kikaitwa auksini, kutokana na neno la Kigiriki la kukua.

Maelezo hayo yalijumuisha mizizi pia. Auksini inayorefusha seli za shina huzuia seli za mzizi kurefuka. Ulaze mche: auksini inaongezeka upande wa chini. Kwenye shina, upande wa chini unarefuka na shina linainuka. Kwenye mzizi, upande wa chini unachelewa na mzizi unashuka.

Maabara kubwa nayo hukosea

Hapa hadithi ingeweza kuisha vizuri, lakini haikuisha. Utrecht hiyohiyo, mkemia Fritz Kögl na wenzake walitafuta umbo la kikemia la auksini. Oti zina kiasi kidogo mno, hivyo wakaitafuta kwenye mkojo wa binadamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walitangaza "auksini a" na "auksini b", pamoja na miundo yake ya kikemia. Mwaka 1934 wakapata ya tatu, asidi ya indoli-asetiki, ambayo ilikuwa imeshajulikana na wakemia. Hii waliiona kama ya pembeni.

Vitabu vikaandika. Wanafunzi wakakariri auksini a na b kama sisi tulivyokariri zetu. Tatizo ni kwamba hakuna maabara nyingine iliyoweza kuzipata. Miaka ikapita. Mwaka 1966 sampuli zilizokuwa zimehifadhiwa zilichunguzwa upya, zikakutwa ni kemikali nyingine kabisa. Auksini a na b hazikuwahi kuwepo. Ya kweli ilikuwa ile ya tatu, iliyodharauliwa. Mwaka 1946 ilitolewa kwenye punje changa za mahindi, yaani kwenye mmea wenyewe, si mkojoni.

Weka visa hivi viwili pamoja. Kazi ya mzee wa kijijini ilikataliwa haraka, ingawa yeyote mwenye karatasi ya bati angeweza kuirudia. Kazi ya maabara yenye jina ilikubaliwa haraka, ingawa hakuna aliyeweza kuirudia. Kilichoamua mwishoni si jina wala jengo. Ni kama mtu mwingine, mahali pengine, anapata kilekile.

Mahindi yanatoa jibu

Hata nadharia ya Went na Cholodny iliachwa na swali moja. Je, mwanga unahamisha auksini kwenda kivulini, au unaiunguza tu upande uliomulikwa? Yote mawili yangeinamisha mche. Mwaka 1957, nchini Marekani, Winslow Briggs na wenzake walichukua ncha za koleoptili za mahindi wakapima auksini iliyotoka kila upande. Jumla haikupungua kwa sababu ya mwanga. Ncha iliyogawanywa kabisa kwa kijipande cha kioo ilitoa kiasi sawa pande zote mbili. Iliyogawanywa nusu tu, ikiachiwa njia juu, ilitoa zaidi kivulini. Basi ilihama.

Mwaka 1997 kundi la Briggs huyohuyo, miaka 40 baadaye, lilichapisha jeni ya protini inayonasa mwanga wa buluu na kuanzisha jambo lote hili. Leo tunaiita fototropini. Kwa upande wa uvutano, Haberlandt na Němec walipendekeza mwaka 1900 kwamba punje nzito za wanga zinazotua chini ya seli ndizo zinazoujulisha mmea chini ni wapi. Mwaka 1989 ilionekana kwamba mimea isiyotengeneza wanga bado huhisi uvutano, ila kwa udhaifu. Kwa hiyo wanga unasaidia sana, lakini si peke yake.

Na kama unadhani haya ni ya vitabuni tu, muulize mkulima wa mahindi anayepulizia 2,4-D kuua magugu ya majani mapana. Dawa hiyo, iliyotokea miaka ya 1940, ni auksini ya kutengenezwa. Inayavuruga magugu kwa kuyaamuru yakue ovyo, huku mahindi yakiistahimili. Imetoka moja kwa moja kwenye swali la ncha ya oti.

Rudi kwenye kopo

Mashine yangu ilitengenezwa hatimaye, na niliitumia. Sitaki uondoke hapa ukidhani nakuambia vifaa si kitu. Bila vifaa vizuri tusingeijua fototropini. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo: kipindi cha kusubiri kifaa si lazima kiwe kipindi cha kusubiri kufikiri.

Kwa hiyo panda tena punje za mahindi, safari hii kumi na tano. Miche ikishafikia urefu wa sentimita mbili au tatu, kabla jani halijachomoza, mitano ivishe ncha kwa vikofia vidogo vya foili. Mitano ivishe vikofia vya nailoni angavu. Mitano iache wazi. Iweke kwenye boksi lenye tundu, na usichungulie kila mara maana utaingiza mwanga. Andika idadi iliyoinama na ambayo haikuinama. Usipopata alichopata Darwin, usiandike kwamba umepata. Tazama kofia zilikaaje, miche ilikuwa na umri gani, halafu rudia.